Haki si Mshahara wa Tabia Njema

Mabibi na mabwana, wazee wetu, vijana mliokaa sakafuni kwa kukosa viti, hamjambo.

Walionialika waliniomba nisisahau kusema kwamba hakuna haki bila wajibu. Kauli hiyo tumeikariri tangu shule ya msingi, na wakubwa wanaipenda sana. Leo nitaipinga, angalau nusu yake.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 19, inasema haki ni za kila mtu na wala hazitolewi na Serikali. Haikusema kila mwenye adabu, wala kila mlipa kodi. Mlevi anazo. Mfungwa wa gereza la Kamiti anazo. Na kijana aliyenyakua simu pale soko la Muthurwa, umati ukamkimbiza na kumkamata, naye anazo, hata kama simu ya watu bado iko mkononi mwake.

Tukae na huyu kijana kidogo. Mtu amepiga kelele, "Mwizi!" Mawe yameanza kuruka. Mara tairi la kumchomea limefika, na hakuna anayeuliza limetoka wapi. Sasa fungueni Kifungu cha 25. Kuna mambo manne ambayo hayawezi kuwekewa mpaka wowote: kutoteswa wala kuadhibiwa kikatili, kutofanywa mtumwa, kupata kesi ya haki, na amri ya kumfikisha mahakamani aliyezuiliwa. Anayekumbuka vyumba vya chini vya Nyayo House, ambamo Wakenya waliteswa miaka ya 1980, haulizi kwa nini orodha hiyo ipo. Lakini Kifungu cha 20 kinasema haki hizi zinavifunga vyombo vyote vya dola na watu wote. Watu wote, jamani! Makanga, mwenye duka, karani aliyekuwa akipita tu akaokota jiwe. Umati ule umemtesa mtu na kumnyima kesi kwa dakika chache, kisha jioni tunakaa mbele ya televisheni kuwalaani polisi kwa ukatili. Mwenye nyumba anayeng'oa mlango wa mpangaji kwa sababu kodi imechelewa, naye yumo humo humo.

Haki nyingine zina mipaka, sikatai. Ila someni Kifungu cha 24 hadi mwisho. Mpaka lazima uwekwe na sheria, uwe wa busara, na ukubalike katika jamii huru inayothamini utu na usawa. Anayeuweka ndiye anayepaswa kuithibitishia mahakama kwamba unafaa. Si kazi ya raia kueleza kwa nini anataka kuwa huru.

Chukueni maandamano. Kifungu cha 37 kinayaruhusu yakiwa ya amani na bila silaha. Sheria ya utulivu wa umma inadai taarifa kwa kituo cha polisi siku tatu kabla. Taarifa, si ombi, ingawa maafisa wengi huisoma kana kwamba wanaombwa ruhusa ya harusi. Juni 2024, vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, uliotaka kuongeza kodi. Tarehe 25 baadhi yao waliingia Bungeni, watu wakapigwa risasi wakafa, na kesho yake Rais akasema hatautia saini. Aliyevunja duka la mtu siku zile alitoka nje ya Kifungu cha 37, na ashtakiwe. Kosa lake halimpunguzii chochote yule aliyesimama kando yake na bendera na chupa ya maji. Wala halikumhalalisha yeye mwenyewe kupigwa risasi.

Wajibu je? Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa papa hapa Nairobi Juni 1981, una sehemu nzima kuuhusu. Kifungu cha 29 kinamtaka mtu awaheshimu wazazi wake wakati wote na kuwatunza wakihitaji. Naupenda, na unanitia wasiwasi. Mahakama ya Milimani, hapa Nairobi, inaweza kukuamuru utoe matunzo. Haiwezi kukuamuru umpende mamako. Na dola ikishapewa mizani ya kupima adabu yetu, itaanza kutupimia haki zetu kwa mizani hiyo hiyo.

Mwaka 1989 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kusimamishwa katika bustani ya Uhuru Park. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Wabunge walimkejeli, wawekezaji wakajiondoa, mradi ukafa. Huo ndio wajibu ninaousema: aliuchukua mwenyewe, na asiyeuchukua hakupoteza haki yake ya kupumzika chini ya miti ile.

Mmoja wenu ameniuliza mlangoni kama kupiga kura kuwe lazima, kama Australia. Kifungu cha 38 cha Katiba yetu kinasema ni haki, na mimi ningekiacha hivyo hivyo. Asiyepiga kura nitamkemea kama jirani, sitampeleka kortini. Naona mikono imeshainuka, basi tuanzie hapo.