Uhasibu unalipa kweli? Nisikilizeni kabla hamjajaza fomu za chuo

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo sizunguki. Swali mnaloniletea kutoka nyumbani ni lile lile: "Kaka, nisome uhasibu? Unalipa?" Na anayeuliza mara nyingi wazazi wameshamwambia mhasibu hakosi kazi, huku rafiki zake wanamwambia kompyuta zitaimaliza kazi hiyo kesho asubuhi. Wote wamesema nusu.

Jibu langu ni kwamba unalipa, ila hailipwi ile kazi ambayo wengi wanadhani ndiyo uhasibu. Kukaa unaingiza tarakimu kwenye mfumo kuanzia asubuhi hadi jioni hakujawahi kumtajirisha mtu. Anayelipwa ni yule anayeulizwa "kwa nini?" akajibu, kisha akaweka sahihi yake chini ya jibu hilo.

Ngoja niwape namba. Natumia za Marekani kwa sababu Ofisi ya Takwimu za Kazi ya kule huzitangaza hadharani, kazi moja moja. Mwaka 2023 mshahara wa kati wa mhasibu au mkaguzi wa hesabu ulikuwa dola 79,880 kwa mwaka. Karani wa kutunza vitabu vya hesabu, dola 47,440. Meneja wa fedha, dola 156,100. Nikisema mshahara wa kati nina maana nusu ya watu wanapata zaidi ya hapo na nusu wanapata chini yake. Hao watatu wanaweza kuwa wamekaa ofisi moja, wanatazama leja ile ile, yaani daftari kuu la hesabu, na wa juu anapata zaidi ya mara tatu ya wa chini.

Na wewe uliyeshika kalkuleta unazigeuza hizo dola ziwe pesa za nyumbani, hebu iweke chini kwanza. Hapo kodi haijakatwa, bima haijakatwa, pango halijalipwa. Mhasibu mtarajiwa anayeona mapato tu bila matumizi, jamani! Linganisha na wanaoishi nchi hiyo hiyo. Mtengeneza programu za kompyuta mwaka huo alikuwa na mshahara wa kati wa dola 132,270. Kwa hiyo kama unatafuta pesa za haraka, uhasibu siyo njia yako, na anayekuambia vinginevyo labda anakuuzia kozi.

Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe, maana hapa ndipo utajijua kama unaiweza. Chukua mwisho wa mwezi, tunafunga hesabu. Daftari la fedha linasema hivi, taarifa ya benki inasema vile, tofauti ni 270. Mgeni ataanza kupitia miamala yote toka juu hadi chini, mmoja mmoja, mpaka macho yaume. Mwenye uzoefu anagawa kwanza kwa tisa. 270 ikigawanyika kwa tisa bila baki, kuna uwezekano mkubwa mtu amepindua tarakimu, 1,630 imeandikwa 1,360. Ikishindikana, anaigawa kwa mbili, anapata 135, anatafuta muamala wa 135 ulioangukia upande usio wake, debiti (upande wa kushoto wa leja) ikakaa krediti (upande wa kulia). Kama umesikia hivyo ukatamani kujaribu, una damu ya kazi hii. Kama umepiga miayo, bora nimekuambia mapema.

Lakini hata hilo, mifumo ya siku hizi inalifanya yenyewe kwa kiasi kikubwa. Ambalo haijalichukua ni hili. Mteja amelipa mwezi Desemba huduma ya mwaka mzima, na huduma imeanza mwezi huo huo. Bosi anataka pesa yote ionekane kwenye mapato ya mwaka huu, kwa sababu faida ikipanda na yeye bonasi yake inapanda. Kanuni inasema sehemu moja ya kumi na mbili tu ndiyo ya mwaka huu, iliyobaki ni deni la huduma ambayo hujaitoa. Nani anamwambia bosi? Wewe. Ukiwa umeajiriwa naye. Hapo ndipo mshahara wako unapotoka, na ndipo watu wanapotolewa jasho.

Ukitaka kujua sahihi ina uzito gani, angalia Arthur Andersen. Ilikuwa moja ya kampuni tano kubwa za ukaguzi duniani, na ndiyo iliyokuwa ikikagua hesabu za Enron, kampuni ya nishati ya Marekani. Enron ikaanguka mwaka 2001, na mwaka uliofuata Andersen ikatiwa hatiani kwa kuzuia haki, kesi iliyotokana na nyaraka zilizoharibiwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuja kuitengua hukumu hiyo mwaka 2005, lakini wateja walikuwa wameshakimbia zamani na kampuni imebaki jina. Ndiyo maana leo tunazihesabu nne tu: Deloitte, PwC, EY na KPMG.

Ukiingia kwenye hizo kubwa mwanzoni, usitegemee maisha laini. Msimu wa ukaguzi ni usiku na mchana, na mshahara wa anayeanza ukiugawa kwa saa anazofanya, utasikitika. Wengi wanavumilia kwa sababu wanajua wanachokifuata: uzoefu na cheti, kisha wanahamia idara ya fedha ya kampuni nyingine wakiwa na bei tofauti kabisa. Binafsi sioni aibu katika mpango huo. Aibu ni kubaki karani maisha yote kwa kuogopa mitihani.

Maana mitihani ndiyo ngazi. Shahada inakufungulia mlango, cheti cha taaluma ndicho kinachokupandisha. ACCA, chama cha wahasibu kilichoanza London mwaka 1904, kina mitihani 13 pamoja na miezi 36 ya uzoefu wa kazi, na baadhi ya masomo wanaofaulu hawafiki nusu ya waliofanya. CPA, cheti cha uhasibu cha Marekani, ina mitihani minne, sikilizeni vizuri, minne isiyo na huruma.

Mnaotaka kuvuka mipaka, hili ni lenu. Viwango vya IFRS, yaani kanuni za kimataifa za kuandaa taarifa za fedha, vinatumika katika nchi zaidi ya 140, kwa hiyo ukivijua vizuri, taarifa ya fedha ya upande wa pili wa dunia utaisoma kama ya kwenu. Marekani kampuni zao za ndani zinafuata viwango vyao wenyewe, hapo kuna kujifunza upya kidogo. Lakini kodi! Sheria ya kodi haisafiri. Umekuwa bingwa wa kodi nyumbani, ukifika ugenini unaanza na vitabu vipya. Anayepanga kuondoka asiweke mayai yote huko, aegemee ukaguzi au taarifa za fedha.

Kuhusu kompyuta kuwamaliza wahasibu: programu ya kwanza ya jedwali la hesabu (spreadsheet) kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka mwaka 1979. Hesabu ya siku nzima ikawa ya dakika chache, na wahasibu bado wapo. Takwimu zile zile za Marekani zinakadiria kuwa kati ya 2023 na 2033 ajira za makarani wa vitabu zitapungua, za wahasibu na wakaguzi zitaongezeka. Mashine inapanda kutokea chini, kwa hiyo usikae chini.

Nimalizie na dada mmoja aliyeuliza: ni keshia wa miaka mingi, shahada hana, je, amechelewa? Hapana, dada yangu. ACCA wana ngazi ya awali inayoitwa FIA, haidai cheti chochote cha kuingilia, na haijali umri. Unafanya mtihani mmoja mmoja huku unaendelea na kazi yako. Anza na ule wa kurekodi miamala, utashangaa mengi umeshayafanya kaunta. Ukikwama kwenye debiti na krediti, niandikie hapo chini, nitatengeneza video yake peke yake.