Gari Likilala Masika, Betri Inalalaje?

Ndugu zangu madereva na wenye magari, habari za asubuhi. Masika ndiyo hayo, wageni wanapungua, na hapa Arusha magari yenye mahema juu ya paa yataegeshwa Aprili na Mei nzima. Juni nitaanza kupigiwa simu: "Fundi, gari haliwaki." Mwaka huu nataka nilale.

Tupige hesabu. Umezima gari, funguo umeweka mfukoni. Alamu na kifaa cha kufuatilia gari bado vinakula umeme, tuseme miliampia 50 tu. Kwa siku ni ampia-saa 1.2. Siku 60 ni 72. Betri ya kuwashia ni ya 75. Imebaki nini hapo?

Na haiishii kwenye kuisha chaji. Betri ya risasi, yaani hii ya kawaida ya kuwashia, ikikaa bila chaji, sulfati hujijenga kwenye sahani, kisha hugeuka fuwele ngumu ambazo chaja haiziondoi. Niliwahi kufungua vifuniko vya betri ya mteja iliyokaa miezi mitatu. Nilipochungulia na tochi, sahani zilikuwa zimepauka kama zimepakwa chokaa. Hiyo tuliipeleka kwa wanunua chuma chakavu.

Basi, chaji hadi ijae kabla ya kuegesha, madirisha yakiwa wazi maana inatoa haidrojeni. Betri ya maji, ile yenye vifuniko vya kufungua, iongeze maji ya betri baada ya chaji, na nasema maji, siyo asidi! Iache itulie saa kadhaa, pima: volti 12.6 au 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Kisha spana namba 10, fungua waya wa hasi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, utaona cheche. Kila mwezi pima. Ikishuka chini ya 12.4, rudisha kwenye chaja. Kuwasha injini dakika kumi na kuzima ni kuchoma dizeli bure.

Habari ya sakafu ya saruji kunyonya betri iacheni. Kasha la plastiki halinyonywi na saruji.

Wenye betri za lithiamu, ninyi msijaze. Acheni kama nusu, mfungue nyaya.

Naam, mzee pale nyuma? Sola? Sola iliyo juani, yenye kidhibiti chaji kizima, itatunza betri ya pili, ile ya friji. Ya kuwashia haiigusi, labda uwe umeziunganisha. Na gari lako, mzee, si linalala bandani?