Kupiga picha za uzinduzi gizani: marashi ndani ya nyumba ya mawe, Lamu

Karibuni. Video hii ni ya mpiga picha aliyeitwa kwenye uzinduzi wa bidhaa ya bei ya juu, usiku, mahali ambapo mwenye shughuli amelipa ili pawe na giza. Mfano wetu ni marashi mapya yanayozinduliwa katika nyumba ya mawe, mji mkongwe wa Lamu: fanusi kiwandani, mishumaa kwenye zidaka (vile vishubaka vya ukutani), chetezo kinafuka udi mlangoni. Kiwanda, kwa wasiozoea lugha ya huku, ni ule uwanja wa katikati ya nyumba ulio wazi juu, si cha kutengeneza sabuni. Giza hilo ni sehemu ya bidhaa. Ukilipiga flashi ya uso kwa uso, marashi yataonekana yamezinduliwa ukumbini mwa shule, saa sita mchana.

Kabla ya siku yenyewe, muulize mteja mambo matatu: nani atafunua bidhaa na kwa mkono gani, taa zipi zitazimwa wakati huo, na nani hapigwi picha. Hilo la mwisho usilipuuze. Wako wageni, hasa akina mama, wasiotaka sura zao zionekane mtandaoni. Mwombe mwenyeji awakalishe upande mmoja, nawe ujue mapema lenzi isielekee wapi.

Vifaa. Vyumba vya nyumba hizi vilijengwa kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo upana wake ni kama mita 3 tu, ilhali urefu waweza kuwa mara mbili au tatu ya hapo. Chukua lenzi ya milimita 35 kwa kupiga kimapana na ya 85 kwa kupiga kimarefu, zote za f/1.8 au pana zaidi (f ni upana wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga ni mwingi). Lenzi ya kuvuta (zoom) ya f/2.8 inafanya kazi, lakini utailipia: pale ambapo f/1.8 inataka ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga), yenyewe itataka karibu 8000. Ongeza flashi 2 zenye rimoti, jeli za rangi ya chungwa (plastiki nyembamba za kuvalisha flashi), seti 4 za betri, tripodi, kitambaa cheusi, kadi nyeupe na tochi ndogo. Vyote vitavuka maji kutoka Manda au Mokowe, kisha vibebwe kwa mkono au kwa punda, maana gari halifiki mlangoni. Mfuko wa ndani uwe wa plastiki uliofungwa barabara.

Hatua ya kwanza: fika saa 10 jioni, na usifungue mfuko. Kamera iliyotoka kwenye chumba cha eisi (kiyoyozi) ikikutana na hewa ya pwani, kioo cha lenzi hupata ukungu papo hapo. Ukiufuta unarudi, na kila ukifuta unapaka mafuta ya kidole. Uache mfuko kiwandani dakika 30 hadi 40, vyombo vipate joto polepole, halafu ndipo ufungue. Muda huo tembea bila kamera. Tafuta ukuta mweupe wa chokaa ulio karibu na jukwaa, maana utauhitaji.

Hatua ya pili ni chupa zenyewe, na hizi zipigwe kabla ya mgeni yeyote kuingia. Kamera kwenye tripodi, ISO 100, f/8, shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, sekunde 1 hadi 4 kulingana na taa, kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise kamera. Zima kitulizaji cha lenzi, kwa sababu baadhi ya lenzi zikikaa juu ya tripodi huanza kujitikisa zenyewe.

Kioo cha chupa huonyesha kila kilicho mbele yake, wewe ukiwamo. Funika tripodi na mikono yako kwa kile kitambaa cheusi, ukiacha tundu la lenzi tu. Sasa tazama chupa ya kushoto hapa: marashi yanaonekana kama oili chafu, meusi, hayana uhai. Ya kulia ni chupa ileile, tofauti ni kadi. Kata kadi nyeupe kwa umbo la chupa, ndogo kidogo kuliko chupa, iegemeze nyuma yake kwa mshazari, kisha uimulike kwa tochi kutoka ubavuni. Maji ya ndani yanawaka rangi yake halisi na kadi haionekani. Futa chupa kwa kitambaa laini na usiiguse tena kwa mkono mtupu. Alama moja ya kidole itakula robo saa ya kuhariri.

Penye mshumaa, sekunde 2 ni nyingi. Ulimi wa moto unayumba na kwenye picha unakuwa donge jeupe, hasa upepo wa kusi ukishuka kiwandani. Fungua tundu hadi f/4, ISO 800, shata 1/15 au ya haraka zaidi, au piga mbili: moja ya chupa, moja ya moto, uziunganishe baadaye.

Jua la Lamu huzama kati ya saa 12 na saa 12:40 jioni, kutegemea mwezi, na buluu ya anga baada yake haikai. Una dakika kama 20. Piga kiwanda chote wakati huo, fanusi zikiwa zimewashwa na anga juu bado ina rangi. Ikishakuwa nyeusi, hiyo picha hairudi.

Hatua ya tatu, vipimo vya usiku. Usiiachie kamera ijipimie. Ikiona weusi mwingi hudhani umekosea, inaongeza mwanga, na matokeo yake fanusi zinakuwa mabaka meupe na shata inashuka hadi 1/8, kila anayesogea anakuwa moshi. Weka M, yaani vipimo uvipange mwenyewe. Anzia f/2, shata 1/100, ISO 3200, na upige faili za RAW, zile ghafi ambazo kamera haijazichakata. Mweke mwenzako karibu na fanusi, piga, angalia histogramu, kile kichoro cha mwanga wa picha chenye giza kushoto na weupe kulia. Mlima ukijazana kushoto, sawa, hilo ni giza lako. Usichokitaka ni kanzu kugonga ukuta wa kulia. Kanzu nyeupe na buibui jeusi katika fremu moja ndio mtihani wa pwani: pima kwa kanzu iliyo karibu na taa, ufumo wake uonekane, kisha buibui ulitenganishe na ukuta kwa mwanga wa nyuma, hata fanusi moja iliyosogezwa nusu mita yatosha.

Kwa nini 1/100? Stima yetu ni ya hezi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/100 au 1/50 inameza mpepeso mzima. Ukipanda 1/250 utaona mistari ya giza ikikata picha, au fremu moja angavu na inayofuata hafifu. Tumia shata ya kimakanika, si ya kielektroniki, ambayo huzidisha mistari. Taa za jukwaani zilizopunguzwa mwanga zina mpepeso wa aina yake, kwa hiyo jaribu kabla ya wageni, si wakati wa hotuba.

Joto la rangi, yaani kipimo cha unjano au ubuluu wa mwanga, liweke Kelvini 3200. Mshumaa, ulio karibu na 1900, utabaki wa dhahabu, na ngozi haitageuka chungwa.

Flashi sasa. Boriti za dari ni za rangi ya giza, ukiielekeza juu zinanywa mwanga na kukurudishia makombo ya kahawia. Ielekeze kwenye ule ukuta wa chokaa, nguvu 1/32, ikiwa imevaa jeli ya chungwa ifanane na fanusi. Jeli inakula kama theluthi mbili za stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu), usishangae. Mwanga unaotoka ukutani unaangukia shavu kwa upande. Uso mweusi unapendeza hivyo: ung'aro laini kwenye kipaji na taya, upande wa pili unaingia gizani taratibu. Flashi ya moja kwa moja, na jasho la pwani lilivyo, inatoa mabaka ya mafuta.

Moshi wa udi una kanuni yake. Ukiumulika kutoka mbele unakuwa pazia jeupe mbele ya lenzi na picha nzima inapauka. Weka flashi ya pili nyuma ya chetezo, pembeni, nje ya fremu, nguvu 1/64, na izime ile ya kwenye kamera. Moshi utachoreka uzi kwa uzi juu ya giza. Simama upande unakotoka upepo.

Hatua ya nne, kufunua. Tukio hili ni sekunde 3. Simama kwenye ncha ya urefu wa chumba na lenzi ya 85, juu ya kigoda, maana simu za wageni zitainuka zote kwa pamoja. Kabla taa hazijapungua, weka fokasi kwenye ukingo wa meza ya chupa, kisha ifunge kwa mkono. Fokasi ya kamera gizani hupenda kukimbilia mshumaa wa nyuma. Funga tundu hadi f/2.8 ili chupa na uso wa anayefunua viwe wazi vyote viwili, ISO 6400, shata 1/100, kamera ikipiga kwa mfululizo. Anza kupiga kitambaa kikiwa bado hakijaguswa. Chenga za ISO 6400, zile punje zinazotapakaa kwenye picha, zinasafishika, picha iliyotikisika haina dawa. Mshereheshaji na wasemaji uwapige kutoka upande, digrii 45 hivi, kipaza sauti kisiwazibe midomo.

Stima ikipotea, usiende kuwasha tochi ya simu. Mishumaa ipo, panda ISO 12800, endelea.

Mteja atataka picha chache usiku huohuo. Mchagulie 10 hadi 15, punguza chenga, na usiinue giza zaidi ya stopu moja, hapo ndipo vivuli huanza kutoa madoa ya zambarau. Ukihariri ukiwa umeketi barazani gizani, shusha mwangaza wa skrini hadi nusu. Skrini kali usiku hukudanganya kuwa picha ni angavu, na asubuhi mteja akiifungua juani ataiona nyeusi tii.