Drafti ya NFL: Texans walivyompata Stroud, na kwa nini chipukizi wengi hawafiki mbali

Habari zenu watazamaji wangu, wa Dar, Mombasa, Bukavu, na nyinyi wa Muscat mnaonipa kampani kila wiki. Karibuni tena Houston, Texas. Kwenye maoni mmeniuliza sana: hizi timu za mpira wa Kimarekani zinasajili vipi? Mbona wachezaji wapya wanapanda jukwaani, wanavalishwa kofia, wanalia, na hatusikii ada ya uhamisho? Leo nawaeleza drafti, yaani jinsi NFL, ligi kuu ya mpira huo, inavyogawa wachezaji wapya kwa timu zake, na mfano wangu ni Houston Texans, timu ya mji huu. Drafti yao ya mwaka 2023 ukiielewa, nyingine zote utazielewa.

Kwanza toeni kichwani mambo ya Simba na Yanga kugombea mchezaji uwanja wa ndege. Huku kijana anayetoka chuo kikuu hachagui timu. Timu 32 zinapanga foleni, iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndiyo inayochagua kwanza, bingwa anachagua wa mwisho. Raundi ni 7. Na kijana haruhusiwi kuingia mpaka ipite miaka mitatu tangu darasa lake limalize sekondari.

Mkitaka kuangalia moja kwa moja, ni mwishoni mwa Aprili, siku tatu, Alhamisi mpaka Jumamosi. Raundi ya kwanza inaanza saa 2 usiku ya New York, kwa hiyo Afrika Mashariki ni saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa. Wekeni kahawa karibu. Mwaka 2023 kila timu ilikuwa na dakika 10 za kuamua kwenye raundi ya kwanza, dakika 7 kwenye ya pili, 5 kuanzia ya tatu mpaka ya sita, na 4 kwenye ya saba.

Haya, turudi Houston. Msimu wa 2022 Texans walikuwa hoi: ushindi mara 3, vipigo 13, sare 1. Wakipoteza tu mechi ya mwisho, Januari 8, 2023, kule Indianapolis, chaguo namba 1 ni lao. Unajua walichofanya? Wamebakiza chini ya dakika moja, jaribio la nne, la mwisho, na yadi 20 bado, Davis Mills akarusha mpira, Jordan Akins akaudaka: tachidauni, mpira umefika eneo la ushindi. Wakaenda kutafuta pointi mbili za nyongeza, wakapata. 32 kwa 31. Kocha Lovie Smith akafukuzwa usiku huo huo, na chaguo namba 1 likaenda Chicago, ambao nao wakaliuza kwa Carolina. Mashabiki hapa mjini walilia kana kwamba wamefungwa.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnielewe vizuri. Chaguo la drafti ni mali. Linauzwa, linagawanywa, linakopeshwa la mwaka kesho. Na bei zake zina jedwali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dallas Cowboys chini ya kocha Jimmy Johnson waliipa kila namba pointi zake: namba 1 ni pointi 3,000, namba 2 ni 2,600, namba 3 ni 2,200, namba 12 ni 1,200, namba 33 ni 580. Siku hizi kila timu ina jedwali lake la kisasa, lakini lile la zamani ndilo lugha ya wote wanapoanza kuzungumza bei.

Aprili 27, 2023, siku ya drafti, Kansas City. Carolina wanamchukua Bryce Young. Texans, namba 2, wanamchukua C.J. Stroud wa chuo cha Ohio State. Yeye ni kwotabeki, yaani ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua aurushe au aukabidhi. Watu wakadhani Houston wamemaliza kazi yao. Kumbe meneja mkuu Nick Caserio yuko kwenye simu na Arizona, wenye namba 3. Akawapa namba 12, namba 33, chaguo la raundi ya kwanza la 2024 na la raundi ya tatu la 2024. Akapokea namba 3 na namba 105. Na namba 3 hiyo ikaenda kwa Will Anderson wa Alabama, mtu wa kumfukuza kwotabeki wa wapinzani.

Piga hesabu na jedwali. Alichopata: 2,200 na 84, jumla 2,284. Alichotoa siku hiyo: 1,200 na 580, jumla 1,780. Pengo la pointi 504 ndilo lililofidiwa na machaguo ya 2024, ambayo thamani yake hakuna aliyeijua. Texans wangemaliza mkiani tena, Arizona wangekaa na chaguo la juu kabisa na Caserio angetafuta kazi nyingine. Lakini walishinda mechi 10, chaguo lile likashuka mpaka namba 27, ambayo kwenye jedwali ni pointi 680. Hata hivyo ni ghali. Unaponunua kwa kuahidi cha mwakani, unaweka dau juu ya timu yako mwenyewe.

Wengine wameweka dau hilo wakaungua. San Francisco 49ers mwaka 2021 walitoa namba 12, machaguo mawili ya raundi ya kwanza ya miaka iliyofuata na moja la raundi ya tatu, wapande mpaka namba 3 wamchukue Trey Lance. Alianza mechi 4 tu akiwa nao, kisha Agosti 2023 wakamtoa Dallas kwa chaguo moja la raundi ya nne. Na aliyewaokoa ni nani? Brock Purdy, waliyemchukua wa mwisho kabisa mwaka 2022, namba 262, akawafikisha fainali ya Super Bowl ya Februari 2024. Basi usidanganywe na mtu anayekwambia drafti ni sayansi.

Mnauliza, kwa nini timu zihangaike hivyo kwa kijana wa miaka 21? Jibu ni mkataba. Ligi ina kikomo cha mishahara ambacho hakuna timu inayoruhusiwa kukivuka: 2023 kilikuwa dola milioni 224.8, 2025 milioni 279.2. Na tangu mkataba wa pamoja wa ligi na chama cha wachezaji wa mwaka 2011, malipo ya chipukizi yamefungwa na namba aliyochaguliwa nayo. Kabla ya hapo, 2010, Sam Bradford alisaini miaka sita kwa dola milioni 78. Mwaka mmoja baadaye Cam Newton, naye namba 1, akapata miaka minne kwa milioni 22. Umeona kisu kilivyopita?

Stroud alisaini miaka minne, takriban dola milioni 36, zote za uhakika, yaani analipwa hata akikatwa. Kwenye hesabu za timu, mwaka wake wa kwanza aligharimu kama milioni 6.6. Septemba 2023 kwotabeki Joe Burrow wa Cincinnati alisaini mkataba wa wastani wa milioni 55 kwa mwaka. Tofauti hiyo ndiyo ambayo timu inainunua kwenye drafti: miaka minne ya kwotabeki wa bei nafuu, na fedha inayobaki unanunulia walinzi, wapokeaji wa pasi, mabeki. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza timu inaweza kumbakiza na mwaka wa tano, mradi iamue mwanzoni mwa Mei baada ya msimu wake wa tatu. Raundi nyingine hazina haki hiyo, na ndiyo maana utaona timu inarudi kinyemela kununua namba 31 au 32.

Kuna jambo la 2025 lililopita kimya huko nyumbani. Texans waliuza namba 25 kwa New York Giants, wakashuka mpaka namba 34 na kumchukua Jayden Higgins, mpokeaji wa Iowa State. Mei wakampa mkataba wa karibu dola milioni 11.7, wote wa uhakika. Hakuna wa raundi ya pili aliyewahi kupata hivyo chini ya mfumo huu. Basi mawakala wa wenzake wote wakakunja mikono: na sisi tunataka. Ikafika Julai, karibu raundi nzima ya pili haijasaini. Kilichokuwa kinagombaniwa hasa ni mwaka wa tatu na wa nne, timu zibaki na uwezo wa kumkata mtu bila kulipa. Mpaka Tyler Shough, namba 40, alipopata wa uhakika wote kutoka New Orleans, ndipo kufuli likafunguka.

Tuingie uwanjani. Chipukizi akishachaguliwa, Mei ana kambi fupi ya mwisho wa wiki: vipimo vya afya, kitabu cha mbinu, mazoezi bila kugongana. Miezi hiyo yote mnaona kofia na kaptura tu, kwa hiyo msiamini video za Mei na Juni. Kila mpokeaji anaonekana malaika wakati hakuna beki anayeruhusiwa kumgusa. Mwisho wa Julai kambi kubwa inaanza, na siku chache baadaye mavazi kamili yanavaliwa. Hapo ndipo watu wanatengana.

Stroud mwenyewe, mechi yake ya kwanza ya majaribio dhidi ya New England: pasi 2 kati ya 4, yadi 13, moja ikanaswa. Kabla ya drafti zilikuwa zimevuja habari kwamba alama zake kwenye jaribio moja la kupima wepesi wa akili zilikuwa chini mno. Wachambuzi wakaanza kutafuna. Mechi mbili za kwanza za ligi aliangushwa mara 11, kwa sababu walinzi wa mbele walikuwa majeruhi. Hapo ndipo kwotabeki wengi wachanga huharibika: wanaanza kuangalia wanaokuja kuwagonga badala ya kuangalia mpokeaji yuko wapi. Yeye macho yake yalibaki mbele.

Angalieni mechi ya Novemba 5, 2023, dhidi ya Tampa Bay. Mpiga mateke wa Texans kaumia, mkimbiaji Dare Ogunbowale ndiye aliyepiga teke la yadi 29, na likapita! Tampa wanaongoza 37 kwa 33, zimebaki sekunde 46, yadi 75 mbele. Stroud anarusha pembeni, anarusha katikati, hana haraka, na zikiwa zimebaki sekunde 6 anaupeleka mpira yadi 15 kwa Tank Dell kwenye eneo la ushindi. 39 kwa 37. Yadi 470 siku hiyo, rekodi ya chipukizi kwa mechi moja. Msimu aliumaliza na yadi 4,108, tachidauni 23, pasi zilizonaswa 5 tu. Yeye akawa chipukizi bora wa ushambuliaji, Anderson chipukizi bora wa ulinzi, timu moja, drafti moja. Kocha wao DeMeco Ryans naye alichaguliwa na Texans hawa hawa mwaka 2006, namba 33, akashinda tuzo ile ile ya ulinzi.

Dell nimwongelee kidogo. Raundi ya tatu, namba 69, kutoka Chuo Kikuu cha Houston, urefu kama mita 1.73, kilo 75. Wengi walimkwepa kwa umbo. Mechi 11, tachidauni 7, kisha Desemba akavunjika mguu. Desemba 2024 likaja goti. Hiyo ni hatari ambayo jedwali la pointi haliipimi.

Na mwaka wa pili? 2024 Stroud aliangushwa mara 52, pasi 12 zikanaswa. Si kwamba kasahau mpira. Ukuta wa mbele ulivuja. Ndiyo maana 2025, namba 48, walimchukua Aireontae Ersery wa Minnesota, mlinzi wa mbele. Chaguo la namna hiyo halipigiwi makofi, lakini mimi ningelipigia kuliko la Higgins.

Sasa waliochaguliwa raundi ya sita na ya saba, na wale wasiochaguliwa kabisa. Kambi ina watu 90. Mwisho wa Agosti wanabaki 53. Kijana akikatwa, timu nyingine zina saa 24 za kumdai, zikianza zilizo dhaifu. Asipodaiwa anaweza kurudishwa kwenye kikosi cha mazoezi, nafasi 16. Mwaka 2025 huko chipukizi alilipwa dola 13,000 kwa wiki, wakati aliye ndani ya 53 kima cha chini kilikuwa 840,000 kwa msimu. Nafasi nne tano za mwisho za 53 huamuliwa kwa kiasi kikubwa na kocha wa vikosi maalumu, wale wanaoingia wakati wa mateke. Beki wa akiba asiyejua kukimbia yadi 50 na kumwangusha mbeba mpira hana kazi, hata awe hodari vipi kwenye nafasi yake. Kwa hiyo mechi za Agosti, usiwafuate wenye mpira. Angalia nani wanaingia kwenye teke la kwanza.

Kwa vijana mnaoniandikia kutoka Kenya, Kongo na Tanzania: njia ipo, ila ni nyembamba. Daniel Adongo wa Nairobi alitoka kwenye raga akasaini Indianapolis Colts mwaka 2013 bila drafti. Jordan Mailata wa Australia, naye wa raga, hakuwa amecheza mchezo huu hata mara moja alipochaguliwa na Philadelphia namba 233 mwaka 2018, kupitia programu ya ligi ya wachezaji wa kimataifa. Februari 2025 akawa bingwa wa Super Bowl. Ligi ilifanya kambi Nairobi mwaka 2023, na tangu 2024 kila timu ina nafasi ya 17 ya kikosi cha mazoezi kwa mchezaji wa kimataifa. Wanachotafuta ni mwili mkubwa wenye kasi: mita 1.95, kilo 120, na bado unakimbia. Drafti haina ada ya kujiandikisha. Wakala lazima awe na kibali cha chama cha wachezaji, na kamisheni yake kwenye mkataba haizidi asilimia 3, analipwa baada ya wewe kulipwa. Akitokea mtu WhatsApp anadai dola 500 za fomu ya drafti, mblokini.