Smoki pasua na kachumbari: namna ya kuipunguzia nitrosamini

Haya, karibuni tena jikoni. Leo mezani nina smoki nne, nyanya tatu, kitunguu chekundu, dania, ndimu mbili na pilipili moja. Ndiyo, ni kile chakula cha kando ya stendi ya matatu. Leo tunakitengeneza kwa jicho la tumbo.

Kabla ya kushika kisu, shika pakiti. Igeuze nyuma. Nasogeza karibu na kamera, mnaona hapa? Nitriti ya sodiamu. Pakiti nyingine huandika E250 tu. Hiyo ndiyo huipa nyama ile rangi ya waridi na kuwazuia bakteria wa botulizimu, kwa hiyo haikuwekwa kwa ubaya. Shida ni kwamba ndani ya tindikali ya tumbo nitriti hukutana na amini zitokanazo na protini, zikazaa nitrosamini. Mwaka 1956, Magee na Barnes huko Uingereza walionyesha kwamba mojawapo ya nitrosamini huwatia panya uvimbe wa saratani kwenye ini.

Soma mstari huohuo mpaka mwisho. Ukiona E300, E301 au E316, hiyo ni vitamini C au ndugu yake wa karibu, na kazi yake mojawapo ni kuiwahi nitriti. Nikiwa na pakiti mbili mkononi, nachukua yenye hiyo.

Sasa kachumbari. Menya kitunguu ganda kavu tu, usiende ndani sana, maana kwasetini nyingi imo kwenye tabaka za nje; hiyo ni mojawapo ya fenoli, viambata vya mimea ambavyo navyo huweza kuiwahi nitriti. Najua mmezoea kukifikicha na chumvi na kukiloweka mpaka ukali uishe. Mimi nakisuuza mara moja, basi; ukikiloweka, sehemu ya fenoli inamwagwa na yale maji. Kata nyanya, ambazo zina asidi ya klorojeni, fenoli nyingine, na vitamini C. Tia dania, pilipili, chumvi kidogo, kisha kamua ndimu zote mbili. Fanya haya dakika chache kabla ya kula, kwa kuwa vitamini C haivumilii kukaa wazi kutwa.

Inafanyaje kazi? Ni kama abiria wawili wanaogombea kiti kimoja. Fenoli na vitamini C zikiifikia nitriti kwanza, huigeuza kuwa gesi ya nitriki oksidi, na amini inabaki imesimama mlangoni. Ndiyo maana lazima viwe tumboni pamoja. Kachumbari ya saa kumi jioni haiwezi kuisaidia smoki uliyoila saa nne asubuhi.

Twende jikoni. Weka smoki kwenye sufuria yenye maji kidogo, funika, dakika tano. Toa, pasua katikati, ziweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo. Mafuta siongezi, na yanayochuruzika nayapangusa kwa karatasi, hivi.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana watu wengi hawaijui sehemu hii. Mwaka 2007, watafiti wa Glasgow waliiga hali ya tumbo kwenye maabara. Bila mafuta, vitamini C ilizuia nitrosamini vizuri kabisa. Walipoweka mafuta asilimia 10, vitamini ileile ikaanza kuziongeza! Ile nitriki oksidi huingia ndani ya mafuta, hukutana na oksijeni, na kurudi kuwa kitu chenye uwezo wa kuishambulia amini. Yaani ndimu juu ya smoki inayoogelea mafuta si kinga unayoidhania. Na moto mkali nao una lake: bekoni ikikaangwa mpaka ikakamaa, nitrosopirolidini, mojawapo ya nitrosamini, hutokea palepale kikaangoni, kabla haijafika mdomoni.

Fenoli nazo hazina tabia moja. Mwaka 1975 wanakemia walionyesha viambata vya kahawa vikiharakisha utengenezaji wa nitrosamini kwenye chupa za maabara. Kinachoamua ni aina ya fenoli, ukali wa tindikali, na kama fenoli ni nyingi kuliko nitriti au ni chache. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia vidonge vya fenoli vya "kusafisha nyama", mwambie akuuzie kitunguu.

Sasa tunajaza. Kijiko kimoja cha kachumbari kama cha mapambo hakitoshi. Mimi naijaza mpaka smoki isionekane. Kando nimeweka strungi. Sitii maziwa, kwa sababu protini zake hushikana na fenoli za majani.

Nimepika nne kwa sababu tuko wanne, kila mtu moja. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitangaza mwaka 2015 kwamba gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18, na hesabu hiyo haikuzingatia kachumbari. Pakiti iliyobaki inarudi kwenye friza mpaka wiki ijayo. Kesho, kwenye jiko hilihili, ni maharagwe.