Ukakasi Kwanza: Mvinyo wa Dodoma na Mbuzi wa Nyumbani

Habari za jioni, ndugu zangu. Kabla sijasema lolote, kila mtu ashike kikombe kilicho mbele yake. Hiyo ni strungi. Majani yamekaa kwenye birika dakika ishirini, hakuna sukari, hakuna maziwa. Piga funda moja tu, lizungushe mdomoni, umeze. Haya, pitisha ulimi kwenye fizi.

Naona mama pale mbele amekunja uso. Ndivyo hasa, mama! Mdomo umekauka, ulimi unakwaruza kama umeuma ndizi mbichi. Kiswahili kina neno lake: ukakasi. Aliyekulia Pwani akala mabibo analijua tangu utotoni. Nimesikia wataalamu wa mvinyo wakihangaika na maelezo marefu mbele ya wageni, na mimi nikijiambia, mpeni mtu bibo moja, somo litaingia.

Sasa chukua kipande cha ubavu wa mbuzi, chagua chenye mafuta. Tafuna taratibu, umeze, kisha rudia strungi ileile. Ukakasi umekwenda wapi? Mate yetu yana protini zinazoufanya mdomo uteleze. Tanini, iliyomo kwenye majani ya chai na kwenye maganda na mbegu za zabibu nyekundu, huzing'ang'ania protini hizo, utelezi ukapotea. Ukiipa nyama, tanini hupata protini nyingine ya kushika, na mafuta hurudisha utelezi. Maziwa kwenye chai hufanya kazi hiyohiyo. Maana yake kila nyumba ya Nairobi inalifanya somo hili asubuhi, halafu jioni tunaambiwa hatujui kulinganisha chakula na kinywaji!

Nilitumia chai makusudi. Najua humu wamo wasiokunywa pombe, kwa dini au kwa hiari yao, na sikuja kumshawishi mtu anywe. Ninachozungumzia ni mdomo na jiko, na hivyo kila mtu anavyo.

Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea. Mtu huenda kwenye nchi ya mvinyo ili ajue zabibu ya pale inafanya nini mdomoni, kisha hurudi akapika cha kwao. Haendi kuokota mapishi ya watu. Nilialikwa kwenye karamu ya mvinyo katika hoteli moja ya hapa mjini, sahani sita, na hata moja haikuwa ya kwetu. Nikauliza kama kuna mbuzi. Nikajibiwa kwamba mbuzi hana hadhi ya mvinyo ule. Bado naumia nikikumbuka, kwa sababu aliyenijibu ni kijana wetu, na bila shaka amelelewa kwa mbuzi huyohuyo.

Twende Dodoma basi. Kutoka hapa Nairobi unapita Namanga, Arusha, Babati, Kondoa, lami mpaka mjini. Mizabibu ilipandwa huko miaka ya 1950 na wamisionari wa Kiitaliano, mahali paitwapo Bihawana. Ni nchi kame, mvua ni ya msimu mmoja, lakini jua halikosekani. Ulaya baridi huulaza mzabibu, nao huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mkulima mwenyewe ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na anaweza kuvuna mara mbili. Zabibu ya kiangazi ndiyo huwa nzuri zaidi, maana mvua haiiletei ukungu wala kuijaza maji. Na wana zabibu yao nyekundu inayobeba jina la mahali, Makutupora, kaskazini mwa mji.

Nilikaribishwa nyumbani kwa mkulima upande wa Hombolo. Tulikuwa tumeshinda shambani, vidole vyangu vimekuwa vya zambarau kwa kubonyeza zabibu. Nilitafuna maganda peke yake, kisha nikavunja mbegu kwa meno, na ukakasi ulinishika mpaka kooni. Jioni mama mwenye nyumba akatandika mkeka, akaleta ugali wa mtama, mbuzi wa kuchoma, na mlenda ulioungwa kwa karanga. Mume wake akamimina Makutupora nyekundu, isiyo na sukari, kwenye bilauri za kawaida. Nilikula tonge la mlenda, nikanywa. Nikaweka bilauri chini nikanyamaza. Mlenda wenyewe ni utelezi mtupu! Kile tanini inachokichukua, mlenda unakirudisha, na karanga zinaleta mafuta. Nikamweleza mama mambo ya protini na mate. Akanisikiliza kwa heshima, akasema, "Sisi twala tu, mwanangu," akaniongezea mlenda.

Sijawahi kukuta orodha ya vyakula yenye mlenda kando ya jina la mvinyo. Niko tayari kulisema hili katika kila ukumbi nitakaoitwa.

Kuna atakayesema mvinyo wa Dodoma ni mtamu mno. Mwingi unaouzwa kwa bei rahisi ni mtamu, kweli. Omba mkavu, yaani usio na sukari, upo. Mwingine atauliza mbona niruke Naivasha, mwendo wa saa mbili tu. Siiruki. Leleshwa, mvinyo uliopewa jina la kichaka cha Bonde la Ufa, unatoka huko. Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa baridi huiachia zabibu uchachu wake, kwa hiyo mweupe wa huko mpe samaki wa kukaanga, ukamulie ndimu. Uchachu hukutana na uchachu, hakuna anayemfunika mwenzake.

Muda unanikimbia, nipite haraka Afrika Kusini. Cape walikamua mvinyo wao wa kwanza tarehe 2 Februari 1659. Mwaka 1925 mtaalamu wao Abraham Perold alizalisha aina mpya ya zabibu, Pinotage, kwa kuchanganya mbegu za zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut. Lakini ukifika huko, usiishie kwenye mapipa. Kula bobotie, nyama ya kusaga yenye bizari, zabibu kavu, na mayai juu. Wapishi wa asili yake walikuwa watumwa na watoto wao, watu waliotolewa Indonesia, India, Madagaska na Msumbiji. Watu wa Pwani mtaitambua bizari ile kabla sahani haijafika mezani. Pamoja nayo huwekwa mvinyo mweupe wa Chenin Blanc. Rudi nayo chupa hiyo uiweke karibu na samaki wa kupaka: tui zito, uchachu wa ukwaju, moshi wa makaa. Pilipili tia kidogo, kwa sababu pombe huzidisha moto wa pilipili, na mvinyo mkali ukiwa na pilipili nyingi hutasikia ladha ya chochote.

Mshika saa ameinua kadi nyekundu. Habari ya mahamri na mvinyo mtamu naiacha, nayo nilikuwa nimeiandaa vizuri. Mbavu bado zipo kwenye sinia pale mlangoni, na strungi haijaisha. Anayetaka kurudia jaribio, asogee sasa kabla mafuta hayajaganda.