Chupa ya Kumi

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, nanyi vijana mliojazana mpaka kwenye ngazi, asanteni. Vekta ni nini, yaani kirusi kinachobebeshwa jeni ili kiipeleke ndani ya seli, mmeshafundishwa, sitarudia. Nimekuja na jambo lilelile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti: kazi ya kutengeneza virusi vya kubeba jeni haifundishwi ubaoni.

Nianze na chupa kumi.

Katika maabara moja ya ughaibuni nilikofanya kazi, tulikuwa tunatengeneza lentivirusi, aina mojawapo ya vekta hizo, kwa seli za HEK293, seli za binadamu zinazokuzwa maabara, zile zilizotokana na jaribio namba 293 la mwanasayansi Frank Graham kule Leiden mwaka 1973. Kwa maandishi kazi ni nyepesi. Unachanganya plasmidi nne, yaani DNA za duara zenye jeni unazozitaka, na polietilenimini, polima inayoisaidia DNA kuingia ndani ya seli, unaacha dakika 15, unamimina kwenye seli. Kijana mmoja hodari, mwenye alama za juu, akaandaa mchanganyiko wa chupa kumi kwa mkupuo mmoja. Jeni tuliyoipakia ilikuwa ya protini ya kijani, ili matokeo tuyaone kwa darubini. Siku mbili baadaye tukaangalia. Chupa ya kwanza ilikuwa kijani kama shamba la mpunga wakati wa masika. Ya tano, vidoa vidoa. Ya kumi, giza.

Tukalaumu seli. Tukalaumu plasmidi, tukaagiza nyingine. Wiki tatu zikaenda na fedha zikaenda nazo. Rekodi ya bechi ilikuwa safi kabisa, kila mstari una saini: "dakika 15". Aliyetegua kitendawili ni fundi wa maabara, mama mtu mzima, aliyesimama nyuma ya yule kijana kimya kimya huku akitazama saa. Chupa ya kwanza ilipata mchanganyiko dakika ya 15. Ya kumi iliupata dakika ya 40! Kufungua, kumwaga maji ya zamani, kumimina, kufunga, kurudisha kwenye inkubeta, mara kumi, hesabuni wenyewe. Na mchanganyiko haukungoji wewe umalize. DNA na polima vinaendelea kushikamana, vibonge vinakua, na vikishapita kiasi seli hazivipokei sawasawa. Muulizeni mama anayekaanga vitumbua: unga wa alfajiri si unga wa saa nne, hata kama ndoo ni ileile, kwa sababu muda wote ule ulikuwa unaumuka.

Sasa niambieni, ni slaidi gani ingemfundisha yule kijana? Maelekezo hayakukosea. Yaliandikwa na mtu aliyekuwa na chupa mbili. Ukifika kwenye tangi la lita 200 tatizo ni hilohilo, isipokuwa sasa unauliza pampu itachukua dakika ngapi kuingiza mchanganyiko wote, na jibu likiwa baya hasara yake si ya wiki tatu. Yule kijana hakurudia kosa lile. Ninyi mliolisikia hapa mtalifanya, maana mmelisikia tu. Ndiyo maana nasema mtu apewe seli aziharibu mapema, chupa ikiwa bado ndogo.

Najua kuna anayesema moyoni: sisi na vekta wapi na wapi, tumalize malaria kwanza. Ndugu yangu, hoja hii imenichosha. Nchini mwetu Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha Lyfgenia, tiba inayotumia lentivirusi kuingiza jeni kwenye seli shina za mgonjwa mwenyewe. Bei yake dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja. Hapo Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imeshaanza kupandikiza uloto kwa watoto wa selimundu. Kwa hiyo kazi ya wodini tunaanza kuiweza. Ya maabara nani anaiweza? Na ukitaka mfano wa maradhi ya kuambukiza, chanjo ya Ebola iliyotumika Kivu Kaskazini kuanzia 2018 ni kirusi kilichobebeshwa jeni ya kirusi kingine. Mikono inayojua kukuza seli bila uchafu inahitajika huku na kule.

Dada yangu pale mbele anatikisa kichwa, nadhani ni kwa ajili ya usalama. Swali la haki. Jeni za lentivirusi tumezigawa kwenye plasmidi nne makusudi. Kinachotoka kinaingia ndani ya seli na hakiwezi kuzaliana humo. Bado unavaa glavu mbili na unafanyia kazi ndani ya kabati la usalama. Lakini namna ya kuingiza mkono kabatini bila kuvuruga hewa, hiyo nayo utaisoma wapi? Kule Raleigh, kwenye BTEC, kituo cha mafunzo ya utengenezaji wa dawa za kibayolojia cha chuo kikuu cha jimbo la North Carolina, watu wenye ajira zao viwandani wanarudi darasani kusimama mbele ya tangi. NIBRT, taasisi ya mafunzo kama hayo ya Dublin, nako vilevile. Hawaendi kusikiliza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Usafishaji wa virusi ulikuwa na nusu saa yake, basi shikeni mawili tu. Lentivirusi havivumilii kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Na kwa AAV, vekta ya aina nyingine, hesabuni maganda matupu ya kirusi: mgonjwa akipewa ganda lisilo na jeni, kinga yake inapambana nalo na dawa hakupata. Mikoplazma, bakteria wadogo sana wanaochafua seli kimya kimya, naiacha, ingawa imenichoma roho.

Hapa hatuna tangi, wala hatulihitaji kuanza. Tuna inkubeta ya nyuzi 37, kabati, darubini, na plasmidi ya protini ya kijani. Nafasi ni sita, karatasi ya majina iko mlangoni. Seli zinayeyushwa Alhamisi na lazima zigawanywe mara mbili kabla hazijatumika, kwa hiyo andikeni leo. Na kila mmoja aje na saa yake.